Mahindi ya Mitwaba na Pesa ya Jumatatu

Jumatano moja ya mwezi wa tano, chama chetu cha akiba kilikuwa na mali nyingi kuliko wakati wowote tangu kifunguliwe, na hakikuweza kumlipa mteja mmoja pesa yake mwenyewe. Mahindi tuliyokuwa tumenunua yangetosha kupika bukari, yaani ugali, wa mtaa mzima wa Ruashi kwa wiki kadhaa. Hesabu zilikuwa safi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekimbia na deni. Pesa tu ndiyo haikuwepo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi katika vyama na benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, hapa Lubumbashi na kwingineko. Mmesoma kuliko sisi, na kompyuta zenu zinachora mistari ya rangi. Lakini tangu nistaafu nimewatembelea mara kadhaa, na nimewasikia mkitaja neno "likidite" kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Mimi niliuguza ugonjwa huo. Likidite ni pesa iliyo tayari mkononi siku mwenyewe anapoitaka. Mengine yote ni utajiri wa kuonyesha wageni.

Nilianza katika benki ya kawaida mjini, benki ya riba. Kule pesa ikipungua, mkubwa wangu alinyanyua simu, akakopa kwa benki nyingine kwa siku chache, akalipa riba yake, jioni akaenda kula samaki. Nilidhani kutunza hazina ndiko huko: kuwa na simu na kujua wakubwa wa kupigia. Nilipohamia chama cha Waislamu, kilichokuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, swali langu la kwanza lilikuwa: tukipungukiwa, tunampigia nani?

Maalim Ramazani alinitazama juu ya miwani. Yeye ndiye aliyekuwa mshauri wetu wa sheria. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa redio, na hata kitabu cha fikihi alikishika kama kitu kinachofunguliwa nyuma kwa bisibisi.

"Unapigia Mungu," akasema. "Na Mungu hakopeshaka na riba. Alor, ujipange mbele."

Hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Hatuwezi kukopa kwa riba. Hatuwezi kuuza madeni ya wateja kwa bei ya kutupa ili tupate pesa haraka, maana kuuza deni la pesa kwa pesa pungufu ni riba iliyovaa koti. Na sisi wenyewe hatukopeshi pesa kwa faida. Tunanunua kitu, tuseme simenti au pikipiki, tunamuuzia mteja kwa faida anayoijua, naye analipa kidogo kidogo. Kwa hiyo pesa yetu huwa imeshageuka kuwa kitu. Inajenga, inasaga, inapiga honi mtaani. Mwambie mteja airudishe leo, atakuonyesha ukuta.

Hata iliyo ndani ya kasha si yote pesa. Nilipopokea kazi nilikabidhiwa ripoti iliyosema dola zetu zinatosha. Maalim akaomba tuzimwage mezani. Mnajua wenyewe jinsi mji huu ulivyo: noti ya feranka inaweza kunuka samaki na kukosa pembe, ikapita mikono yote, lakini dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, hata muuza nyanya anakurudishia. Maalim alizipanga mafungu mawili, nzima na zilizopasuka, na fungu la pili halikuwa dogo.

"Hii hapana makuta," akasema akiligonga kwa kidole; makuta ni pesa kwa Kiswahili cha mji wetu. "Hii ni foto ya makuta."

Tangu siku ile sikuandika tena kiasi kilichomo. Niliandika kiasi ambacho muuza nyanya angepokea.

Sasa turudi kwenye mahindi. Mwaka ule tulikuwa na pesa nyingi isiyo na kazi, na katika chama kama chetu jambo hilo lina aibu yake. Benki ya riba huiweka pesa kama hiyo mahali fulani, ikaamka imeongezeka. Ya kwetu inakaa tu, na kila mwaka zaka inachota sehemu yake. Mwenyekiti wetu, Hadji Selemani, mwenye lile duka la vitenge, alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kila mkutano alisimama.

"Makuta inalala!" alisema. "Bantu ba Mitwaba banalima na jembe moja, na shiye tunalalisha makuta kama mutoto!"

Basi tukaamua kufanya salam na wakulima wa Mitwaba, mashambani mbali kaskazini mwa mji. Salam ni hivi: wakati wa kupanda, mkulima anapohitaji mbegu na mbolea, unamlipa bei yote ya mahindi atakayokuletea baada ya mavuno. Mnaandika aina, kiasi, tarehe na mahali pa kupokelea. Yeye anapata pesa bila riba, wewe unapata mahindi kwa bei nafuu. Ni mkataba mzuri, na mpaka leo naupenda. Lakini utazameni kwa jicho la hazina: pesa inatoka yote kwa pamoja mwezi wa kumi na moja, inarudi mwezi wa saba ikiwa imevaa gunia.

Kosa letu halikuwa salam. Lilikuwa katika kuchagua pesa ya nani ipelekwe. Chama kinashika pesa za namna mbili. Moja ni ya mtu aliyesema: fanyeni nayo biashara, tugawane faida, nitasubiri. Nyingine ni amana: nishikieni, nitaijia siku yoyote. Amana kubwa kuliko zote ilikuwa ya likelemba ya akina mama wa soko la Ruashi, kikundi kilichochanga kila wiki bila kukosa. Kwa miaka hawakuwahi kutoa ila kidogo, mtu akiugua au kukiwa na msiba. Tukazoea, hata tukaanza kuiona pesa yao kama sehemu ya jengo.

"Bale bamama habachukuaka makuta yabo," alisema Hadji, na kamati nzima ikaitikia. Ikaenda Mitwaba pamoja na nyingine.

Jumatano ile aliingia Mama Zaina, muuza samaki wakavu wa Kasenga na mkubwa wa hiyo likelemba. Aliketi bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Papa Idi, habari?"

"Muzuri, mama. Samaki inaendelea?"

"Samaki inaendelea, lakini panya nayo inaendelea. Tumechoka kulipa depo ya bengine. Kuko parseli nyuma ya soko, mwenyewe anauzisha. Tutajenga depo yetu. Anatungojea mpaka Lundi asubui, kiisha anapatia muntu mwengine."

"Munataka ngapi?"

"Yote."

Nikatabasamu. Kila mtunza kasha anajua tabasamu lile; ni sehemu ya mshahara.

"Juu ya nini unacheka vile? Makuta iko?"

"Iko, mama."

Na kweli ilikuwepo. Ilikuwa Mitwaba, inakaushwa juani.

"Basi Lundi tunakuya. Na tukikuta mulango ya kufunga, tutalala palepale. Bantu bakiuliza, tutabaambia jina ya ule alitulalisha inje: Papa Idi, wa miwani."

Akacheka kwa nguvu, nami nikacheka kiasi cha adabu. Alipotoka nilifunga mlango nikaketi. Tusipowalipa Jumatatu, hiyo Lundi yao, wanapoteza kiwanja chao na ghala walilotaka kujenga. Na kabla ya saa sita mchana soko zima lingejua, maana hakuna redio inayomshinda muuza samaki. Watu wa mji huu wameshaona benki zikifunga milango na pesa zao zikibaki ndani. Hawangoji maelezo. Wangekuja wote, na hakuna chama duniani kinachoweza kuwalipa wote siku moja.

Kamati ilikutana Alhamisi. Nikaeleza. Nikasema pia kwamba rafiki yangu wa benki ya zamani alikuwa tayari kutukopesha siku ya pili yake, kwa riba.

"Mara moja tu," mmoja akanong'ona.

"Ku mulango tuliandika 'Bila riba'," akasema Maalim. "Tuongeze 'ila Lundi'?"

Mwingine akapendekeza tuuze madeni ya simenti na pikipiki kwa tajiri yeyote, hata kwa hasara. Maalim akatikisa kichwa. Hadji akapata wazo. Alimjua Papa Kambale, mfanyabiashara wa unga kutoka Butembo, Mkristo, mwenye kamyo, yaani lori, na mashine zake za kusaga. Tumuuzie mahindi ya Mitwaba leo, kesho atulipe.

"Ile mahindi umeishika?" Maalim akamuuliza.

"Bado iko Mitwaba, unajua."

"Basi hauiuzishe." Kitu ulichonunua kwa salam hukiuzi kabla hujakipokea.

Hadji akashika kichwa kwa mikono miwili. "Maalim, kila mulango unafunga! Uko mushauri wetu ao uko kadena?"

Tulicheka wote kwa Maalim kuitwa kufuli, hata yeye mwenyewe. Alichosema baada ya kicheko ndicho ninachotaka mkishike vizuri. Hatuwezi kuuza mahindi ya Mitwaba, lakini tunaweza kuuza mahindi. Tufanye salam ya pili, safari hii sisi tukiwa wauzaji: Kambale alipe yote sasa, nasi tudaiwe mahindi ya aina fulani, kiasi fulani, mwisho wa mwezi wa saba, mlangoni kwake. Yatatoka wapi, hilo ni letu. Mikataba miwili, kila mmoja unasimama kwa miguu yake. Vitabu huiita salam sambamba.

Msifurahi haraka. Kama mahindi ya Mitwaba yangechelewa, tusingeweza kumwambia Kambale asubiri kwa sababu sisi pia tunasubiri. Tungelazimika kununua sokoni kwa bei yoyote. Hatari ilikuwa palepale. Tulikuwa tumeihamisha tu kutoka Jumatatu hadi mwezi wa saba. Lakini kati ya hapo tungekuwa na wiki kadhaa za kufikiri, na mtu wa hazina akipewa wiki kadhaa amepewa zawadi.

Ijumaa baada ya sala, mimi na Maalim tulimkuta Papa Kambale katika depo yake, ameketi juu ya gunia anakula karanga. Alitusikiliza bila kuacha kutafuna.

"Muniambie polepole. Miye nalipa yote sasa. Minyi munaleta mahindi mwezi wa saba. Na bei iko chini ya soko."

"Njo vile," nikaitikia.

"Kamyo ikianguka mu mutoni?"

"Mahindi tunaleta," nikasema.

"Mukulima akikufa?"

"Mahindi tunaleta."

"Mungu akituma nzige?"

"Tutanunua kwa ule nzige haikufika kwake," akajibu Maalim.

Kambale akapangusa mikono. "Miye niko mutoto wa kanisa, mama yangu anaimbaka mu korali. Lakini baba yangu alifanyaka hii na balimaji ba viazi kule kwetu. Hatukujuaka kama iko na jina. Bon. Mutaniwekea nini nishike?"

Hapo tulikwama. Alitaka dhamana, nayo ilikuwa haki yake. Sheria yenyewe inaruhusu. Magari ya chama hatukuwa nayo, na simenti ilikuwa imeshageuka nyumba za watu. Nilimpigia Hadji simu. Akasema marobota yake ya vitenge, yale mapya aliyotunza kwa ajili ya sikukuu, yaletwe kwa Kambale. Alikuja nayo mwenyewe, akayapanga mwenyewe, akayapapasa kama anayeaga ndugu kituoni.

"Panya iko?" akamuuliza Kambale.

"Panya ya hapa inakulaka unga tu, Hadji. Haijui mode ya vitenge."

Kambale akalipa. Noti zote nzima. Nilizitazama juani mbele yake, naye hakuona vibaya. Angefanya vilevile.

Jumatatu akina mama walifika na vibao vya kukalia na chupa za chai, tayari kwa vita. Walipoona mlango wazi, nadhani walisikitika kidogo. Nikamlipa Mama Zaina mpaka mwisho. Lakini mimi macho yangu hayakuwa kwake. Ng'ambo ya barabara palikuwa na watu wengi wasio wa kawaida, wanaume kwa wanawake, wakijifanya wananunua vocha za simu. Niliwatambua karibu wote: wenye amana kwetu. Mama Zaina alipotoka na mfuko chini ya kitenge, wakamfuata kwa macho mpaka alipopanda teksi. Kisha wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, bila hata mmoja kununua vocha. Vijana, katika kazi hii mteja aliye mbele ya dirisha mnamwona tayari. Jifunzeni kumwangalia aliye ng'ambo ya barabara.

Mahindi nayo yalitutoa jasho. Sehemu kubwa ilifika mapema, kavu, nzuri. Halafu dereva wa kamyo ya mwisho akanipigia.

"Papa, kamyo imelala."

"Imelala wapi?"

"Mu matope."

"Matope gani? Mvua iliisha mwezi wa ine!"

"Papa, hii iko matope ya zamani."

Daraja dogo lilikuwa limevunjika, na pembeni ya mto, mahali pa kuvukia, ardhi haikuwahi kukauka. Hatukungoja matope ya zamani yazeeke zaidi. Tulienda Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, tukanunua kilichopungua kwa bei iliyotuuma, tukampelekea Kambale kabla ya tarehe. Faida ya mwaka iliishia barabarani. Hadji alirudishiwa marobota yake, ila mke wa Kambale alikuwa ameshachagua vitenge viwili na hakutaka kusikia habari ya kuvirudisha. Alivilipia, tena bila kuomba apunguziwe, na Hadji husimulia hilo kama ushindi wa chama.

Baada ya hapo tulibadilisha mengi. Amana haikutoka tena nje ya mji, Hadji apige kelele asipige. Mikataba hatukuiacha iive kwa mkupuo: wakati mahindi yako shambani, sehemu nyingine ilikuwa kwenye sukari ya Ramadhani inayouzwa na kulipwa kwa wiki chache. Tukaelewana na chama kama chetu cha mji wa Likasi: tunaweka kidogo kwao, wanaweka kidogo kwetu, bila riba, na atakayepungukiwa anapiga simu. Kwa hiyo hatimaye nilipata mtu wa kumpigia.

Na mimi nikaanza kwenda Ruashi kila wiki kunywa chai sokoni. Wakubwa wengine waliona ni uvivu. Lakini kiwanja kile kilikuwa kimezungumzwa kati ya meza za samaki mwezi mzima kabla Mama Zaina hajaingia kwangu. Kompyuta yenu itawaambia mteja alichofanya jana. Anachotaka kufanya Jumatatu anakizungumza akiwa anapanga samaki, na hazungumzi na kompyuta.

Akina mama walinunua kiwanja, wakajenga depo, na sasa wengine ndio wanaowalipa wao. Lakini pesa yao haikurudi kwetu. Mwezi uliopita Mama Zaina aliniita, ingawa nimeshastaafu, nimpelekee Hadji ujumbe. Wanataka kurudisha akiba yao yote, nayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Sharti ni moja: mmoja wao aingie katika kamati, aone hali ya kasha kila Alhamisi, na awe na haki ya kukataa pesa kutumwa.

"Makuta yetu ilitembea mpaka Mitwaba, na shiye hatukujua," aliniambia. "Ikitembea tena, tunataka kuwa mu kamyo."

Kamati ina watu saba, na haijawahi kuwa na mwanamke. Watatu wanakubali, Hadji akiwa wa kwanza, tena kwa sauti kubwa. Watatu wanakataa. Wa saba ni Maalim. Amesema wazi kwamba sheria haimzuii mwanamke kukaa pale. Kinachomsumbua ni kitu kingine. Mwenye amana anataka pesa ikae, na mwenye kungoja faida anataka itoke. Tukimpa mmoja wao ufunguo wa kukataa, nani atamsemea mwingine? Swali hilo nimelizungusha kichwani pamoja naye siku nyingi.

Kura imepangwa Alhamisi ijayo. Maalim hajasema atainua mkono upande gani, na akiba ya akina mama iko ndani ya sanduku la chuma katika depo yao, na wawili wao wanalala pale kwa zamu.